Vivuko vya Kisiwa cha Mvita

Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale, ni kisiwa, na ijapokuwa msafiri ajaye leo kwa gari kutoka Nairobi aghalabu huingia mjini bila ya kutambua kwamba amevuka bahari, kwa kuwa njia ya Makupa ni fupi na macho yake yameshughulishwa na misururu ya malori, tarehe yote ya mji huo, tangu vita vyake vya kale mpaka bei za viwanja vyake vya leo, haifahamiki ila kwa kuyatazama kwanza maji yanayouzunguka, na kuuliza ni nani aliyeyavuka, kwa chombo gani, na kwa idhini ya nani. Upande wa kaskazini na mashariki hupita hori ya Tudor, iingiayo mbele ya Mji wa Kale na kuendelea ndani hata karibu na Jomvu na Rabai. Upande wa kusini na magharibi ni mlango wa Kilindini, wenye kina cha kutosha merikebu kubwa za dunia, nao huendelea ndani mpaka Port Reitz, pahala palipopewa jina la Luteni Reitz, ofisa kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa hapa mwaka 1824 ausimamie ule ulinzi wa muda mfupi ambao Kapteni Owen aliwapa Wamazrui, watawala wa mji wakati ule, akafa mwaka uleule. Maji haya mawili hukutana nyuma ya kisiwa, mahali paitwapo Makupa, na hapo ndipo bahari ilipokuwa nyembamba na haba kuliko pengine pote.

Maji yakipwa siku za bamvua, mtu aliweza kuvuka Makupa kwa miguu yake, nguo kaipandisha, viatu mkononi na mzigo kichwani, na kivuko hicho kilikuwa neema wakati wa amani na balaa wakati wa vita. Mwaka 1589, Amiri Ali Bey wa Kituruki alipokuwa amejiimarisha kisiwani pamoja na watu wa Mvita, ilhali Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, wamekwisha kufika ng'ambo ya bara wakiingoja fursa, aliweka vyombo vyake viwili vya vita Makupa vikilinde kivuko. Wareno walipowasili kutoka Goa wakavitwaa vyombo vile, mlango ukabaki wazi, Wazimba wakavuka, na mji ukapatwa na maangamizi. Kilichouangusha mji mwaka ule, basi, ni kivuko kukosa mlinzi, na Wareno walilielewa jambo hilo, maana walipoanza kuijenga ngome yao kuu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Cairati, hawakutosheka na mizinga iliyoelekezwa baharini, bali waliweka pia vingome vidogo Makupa kuwachunga wavukao kutoka bara. Ngome kuu ingalipo, nayo hutazamwa na wageni kila siku. Ya Makupa yamebaki kwa wasomaji wa tarehe.

Siku za amani bahari haikuwa ukuta. Wenyeji wa mji walikuwa na mashamba yao ng'ambo, Kisauni na Likoni, ambayo, tuseme ukweli, kwa miaka mingi yalilimwa na watumwa, na Wamijikenda walileta nafaka, tembo la mnazi, sandarusi na pembe, wakarudi na nguo na vyuma. Haya yote yalipita katika mitumbwi na madau, kwa kafi, kwa pondo, na kwa tanga pepo zikikubali. Saa haikuwa saa ya ukutani, bali ilikuwa ni ya maji: aliyetaka kwenda Rabai alingoja maji yajae, apandishwe nayo hori mpaka upande wa Jomvu, kisha ashike njia ya mguu kupanda vilima, na ndivyo alivyokwenda Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846. Mwenye mtumbwi alikuwa na heshima yake na ujira wake, wala haikumpitikia mtu kwamba iko siku kisiwa kitafungwa na bara kwa chuma.

Siku hiyo ilikuja kwa sababu ya mzigo. Kampuni ya Kiingereza iliyoukodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar ilijaribu mwaka 1890 kutandika reli ndogo ya kuelekea bara, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati, na baada ya maili chache tu kazi ikasimama. Vyuma vyake havikupotea, maana vilikuja kung'olewa na kutandikwa katika njia za mjini, yakapita juu yake yale magari madogo ya kusukumwa kwa mikono, ambayo kwa miaka mingi yaliwachukua maofisa na wafanyabiashara kutoka Kilindini mpaka Mji wa Kale, wamekaa chini ya kijipaa cha turubai, na nyuma yao watu wawili wakikimbia kusukuma. Sijui kama kuna picha inayoueleza utawala wa zama zile kwa ufasaha zaidi. Lakini reli ya kweli ilianza mwaka 1896, baada ya Serikali ya Uingereza kuichukua nchi yenyewe, na kwa kuwa bohari zake na vyombo vilivyoleta mataruma na vichwa vya gari vilikuwa kisiwani, kazi ya kwanza kabisa ya wahandisi, kabla ya nyika ya Taru, na kabla ya simba wa Tsavo ambao kila mtu amesikia habari zao, ilikuwa ni kuvuka Makupa. Wakajenga kwanza daraja la mbao la kukidhi haja, kisha la chuma, wakaliita kwa jina la Lord Salisbury, waziri mkuu wao wa wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na kivuko cha Makupa, ambacho kwa karne na karne kilimngojesha kila mtu maji yapwe, kikawa hakimngojeshi mtu tena.

Bandari ndiyo iliyokimaliza kisiwa. Gati za kina kirefu za Kilindini zilipoanza kupokea meli mwaka 1926, mizigo iliyokuwa ikishushwa kwa mashua na matishari ikawa inashuka moja kwa moja kutoka melini hata kwenye behewa, na daraja la chuma halikutosha tena. Ndipo, katika miaka iliyo baina ya vita viwili vikuu, Makupa ikajazwa mawe na udongo, reli na barabara zikapita juu ya tuta, na bahari ikakatwa. Kwa mwenye mzigo lilikuwa jambo la hekima, kwani tuta halina gharama ya kupakwa rangi kila mwaka wala halitikisiki chini ya treni. Kwa bahari lilikuwa ni kabari kooni. Maji ya Tudor na maji ya Port Reitz, ambayo tangu dahari yalikuwa yakitembeleana kila maji yajaapo, yakatengwa, matope yakatuama pande zote mbili, na baadaye jaa la Kibarani likakua ukingoni hapohapo, mpaka harufu yake ikawa ndiyo salamu ya kwanza ya mji kwa mgeni. Ilichukua takriban karne moja tuta hilo kuondolewa. Mwaka 1896 waliovuka Makupa walijenga daraja, waliokuja baada yao wakalibomoa wakajaza tuta, na mwaka 2022 wajukuu wa wajukuu wakalifukua tuta, wakajenga daraja jipya la urefu wa mita 457, wakaacha maji yapite chini.

Upande wa kaskazini habari ni nyingine. Hapo hapakuwa na reli wala gati, bali palikuwa na ardhi, na mwenye ardhi naye ana nguvu zake. Ng'ambo ya hori ya Tudor, mbele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, kulikuwa na mashamba makubwa ya katani ya Nyali, ambayo thamani yake ingalikuwa maradufu kama yangefikiwa kwa motokaa. Basi mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea, barabara ya mbao juu ya maboya makubwa ya chuma yaliyofungwa safu kwa safu, lililopanda na kushuka pamoja na maji, na gari lilipopita juu yake mbao zililia chini ya magurudumu hata usiku mtu wa ng'ambo akajua kwamba kuna mgeni. Lilikuwa daraja la kulipia. Hapo ndipo ulipopatikana msamiati mpya katika maisha ya mwenyeji, ushuru wa daraja, yaani mtu kutozwa kwa kuvuka maji ambayo babu yake aliyavuka kwa kumjua mwenye mtumbwi. Sikatai kwamba kujenga kuna gharama na mwenye kugharimia hutaka kurudishiwa. Ila nasema kwamba daraja lile halikuanza na swali la watu wangapi wanavuka, bali lilianza na swali la ekari ngapi zitauzwa.

Daraja hilo la maboya lilitumika kwa karibu miaka 50. Nalo lilipozidiwa, baada ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kuanza kazi mwaka 1954 na mahoteli ya watalii kupangana ufukweni baada ya uhuru, lilijengwa mwaka 1980 Daraja jipya la Nyali, la zege, lenye njia 6 za magari, kwa msaada wa Wajapani, na hapo kisiwa kikamwagika. Kisauni, Kongowea, Mishomoroni na Bamburi, ambako kizazi kimoja nyuma kulikuwa ni mikorosho, miembe na minazi, zikawa ni miji ndani ya mji. Soko la Kongowea likawa ndilo linalolilisha jiji, na mfanyakazi wa kisiwani akawa analala bara. Asubuhi na jioni daraja hilo huvukwa na maelfu ya watu wa miguu, ambao njia yao ni ule ukingo mwembamba ulio pembezoni, baina ya chuma cha kuzuia mtu asianguke majini na matatu zinazompulizia moshi usoni.

Na aliyetaka kwenda mbele zaidi, Malindi na Lamu, alikuwa na hori nyingine mbili mbele yake, Mtwapa na Kilifi. Kivuko cha Mtwapa kilijulikana mbali kwa sababu ya nyimbo. Feri yake haikuwa na injini: lilikuwa ni jukwaa pana la kutosha magari machache, na mnyororo ulivutwa kutoka ukingo mmoja hata wa pili, na vijana wa kazi waliushika mnyororo ule kwa mikono, wakatembea nao kutoka mbele ya chombo hata nyuma, wakirudi mbele na kuushika tena, na ili mikono ivute pamoja waliimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, miguu ikipigwa chini kwa mizani, na baragumu la kome likipulizwa. Wageni wa Kizungu waliandika habari zao kwa kufurahishwa, wakaona ni tamasha. Kwa waliovuta ilikuwa ni kazi, na wimbo ulikuwa ni chombo cha kazi kama vile tezo kwa mjenga jahazi. Ukiondolewa wimbo, mnyororo haukwenda sawa. Daraja lilipojengwa Mtwapa nyimbo zile zilinyamaza, na sidhani kama mtu aliyeuvuta mnyororo angelalamika. Kilifi ilingoja zaidi: hadi mwaka 1991, basi la Malindi lilifika Mnarani likashusha abiria wake, likangoja zamu, na wauza korosho wakapita madirishani, kisha daraja refu la zege, nalo pia la msaada wa Kijapani, likapita juu ya hori, na safari iliyokuwa haina hesabu ya muda ikawa na hesabu.

Sasa tuugeukie upande wa kusini, ambako mambo hayakwenda hivyo.

Likoni iko karibu na kisiwa kiasi kwamba mtu aliyesimama ukingo mmoja humtambua nduguye kwa mwendo akiwa ukingo wa pili. Ni kama nusu kilomita tu. Na hapo, tangu feri ilipoanza kazi mwaka 1937, hapajapata kujengwa daraja la kupitisha gari mpaka leo. Sababu si siri wala si fumbo. Mlango huo wa maji ndio mlango wa bandari, kila meli iendayo gatini lazima ipite baina ya Likoni na kisiwa, na daraja la chini lingeiziba Kilindini kama tuta lilivyoiziba Makupa. Bandari ikichukuliwa, Mombasa hubaki na nini? Kwa hiyo mtu wa Kwale, wa Diani, wa Ukunda, na hata msafiri wa kutoka Tanga kwa njia ya Lunga Lunga, amevuka kwa feri tangu enzi za gavana wa kikoloni mpaka enzi za magavana wa kaunti.

Kazi hiyo ilipita katika mikono mbalimbali, ikiwemo ya kampuni ya mabasi, mpaka serikali ilipounda shirika maalumu mwaka 1989, na baadaye ikatiwa chini ya mamlaka ya bandari. Vyombo vyenyewe vilipewa majina yanayoonyesha zama zake: Nyayo na Harambee za mwaka 1990, Likoni na Kwale za mwaka 2010, kisha Jambo na Safari. Anayetaka kuifahamu Mombasa na asiende Ngomeni, aende Likoni alfajiri. Mlango wa chuma unapofunguliwa, umati ulioshonana kwenye kibanda huteremka kwa pamoja kwenye mteremko wa zege, wasafishaji wa mahoteli na makuli wa bandarini, wanafunzi, kina mama wenye vikapu vya mboga vilivyofunikwa kanga, na wenye mikokoteni ya madafu wakipiga kelele za kuomba njia, huku breki yao ikiwa ni visigino vyao wenyewe. Bamba la mbele la feri huburura juu ya zege kwa sauti ya kukwaruza, waliofika wanatoka kabla halijatulia, na wanaoingia wanaingia kabla waliofika hawajaisha. Watu wa miguu hawalipi. Magari ndiyo yalipayo. Hukadiriwa kwamba wavukao hapo kwa siku huzidi watu 300,000, na magari ni maelfu machache tu, hata ikawa kivuko hicho kinawahudumia zaidi wasiokilipa, jambo ambalo katika tarehe ya vivuko vya Mombasa ni la nadra sana, na ambalo mwandishi huyu analiona kuwa ni la haki.

Lakini haki hiyo ina upungufu mkubwa. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya kivuko cha jirani, Mtongwe, iliyokuwa na uwezo wa kuchukua watu 300, iliondoka na watu wapatao 400, wengi wao wakiwa ni wafanyakazi waendao kazini, ikalalia upande mmoja na kupinduka hatua chache tu kutoka ukingoni. Watu 272 wakafa. Haikuwa dhoruba, wala usiku wa giza. Maiti walitolewa majini huku waliopona wakiita majina ukingoni. Tangu siku hiyo kila feri ya Likoni inapozimika injini katikati ya mkondo, na imetokea si mara haba, wazee hutoa tasbihi na vijana hutazama vifaa vya kuokolea vilivyofungwa juu ya paa, wakikisia kama vinaweza kufikiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020, msongamano wa kivukoni ulipotisha zaidi kwa sababu ya maradhi ya korona, serikali iliwafungulia watembea kwa miguu daraja la kuelea kutoka Liwatoni kwenda ng'ambo ya Likoni, ambalo sehemu yake ya kati iliondolewa kila meli ilipotaka kupita. Ajabu ni kwamba baada ya miaka 90 fundi alirudi kwenye fikra ileile ya Nyali, maboya na njia juu yake, ila mara hii kwa ajili ya mtu wa miguu peke yake, nalo halikudumu.

Mwenye gari na mwenye shehena hakungoja hayo. Alizungushiwa nyuma. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, huachana na njia ya Nairobi upande wa Miritini, ikateremka Mwache, ikavuka maji ya juu ya Port Reitz kwa madaraja marefu yaliyojengwa kwa mkopo wa Wajapani, la Mwache lenye mita kama 660 na la Mteza lenye mita kama 1,440, ikipitia Tsunza, kijiji cha wavuvi ambacho zamani kilifikiwa kwa mtumbwi kupenya mikokoni, na kwenda kukutana na njia ya kusini bila ya kugusa kisiwa. Tangu mwaka 2024 magari yanapita. Kwa lori litokalo bandarini kwenda Tanga ni faraja kubwa, na barabara hiyo inaungana na ule mpango wa nchi mbili wa kuitengeneza njia ya pwani kutoka Malindi mpaka Bagamoyo, ambao upande wa Tanzania unakusudia daraja la mto Pangani, mahali ambapo kivuko cha feri nacho kina umri wa kutosha. Ukiitazama ramani utafurahi, maana pwani iliyounganishwa karne nyingi na jahazi, kisha ikakatwa vipandevipande na barabara zote za kikoloni zilizokimbilia bara, inaanza kushonwa tena kwa urefu wake.

Kadhalika, daraja la Likoni lenyewe limo katika mipango, la kuning'inizwa kwa kamba za chuma, juu ya meli. Tulihesabu kwa hesabu ya shule ya msingi: meli za makontena zinahitaji nafasi ya zaidi ya mita 60 kutoka majini, na barabara ikipanda mita 4 kwa kila mita 100, mteremko wake utahitaji kilomita moja na nusu kwa kila upande kabla ya kufika kileleni. Gari litaupanda kwa dakika mbili. Mama mwenye kikapu cha mchicha, aliyekuwa akivuka nusu kilomita akiwa amesimama, atatembea zaidi ya kilomita tatu, jua kichwani, au atalipa nauli ya matatu kila aendapo na kila arudipo. Hatafanya hivyo, atateremka kwenye feri kama alivyoteremka mama yake.

Kwa hiyo, waheshimiwa wenye mamlaka, lijengeni daraja, na wahandisi wapewe sifa zao, lakini msizihesabu feri za Likoni kuwa ni masalio ya zamani yanayongoja kufutwa. Ziongezwe, injini zake zikaguliwe na watu wasiohongeka, na idadi ya watu iandikwayo ubavuni mwake ifuatwe hata siku ya mkesha wa Idi. Kwani magari ya Mombasa yameshapata njia tatu za madaraja, na mtu wa miguu wa kusini anayo hiyo moja.